Fatwa ya Mjukuu Wangu

Nyumbani kwetu Kimbiji, mahali pa kukaangia samaki panahama mara mbili kwa mwaka. Kusi ikivuma, mke wangu anaweka mafiga yake upande wa kaskazini wa nyumba, chini ya mkorosho. Kaskazi ikiingia, mafiga yanavuka uwanja na kwenda upande wa choo. Wapita njia wanadhani ni kisirani cha mwanamke mzee asiyetulia na jiko lake. Sivyo. Tunaukwepesha mvuke wa karai usimfikie mjukuu wetu wa miaka kumi na mmoja. Ukimfikia, kifua kinabana, anaanza kukohoa kikohozi kikavu cha kukatakata, na macho yanavimba kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Hajala kitu. Amepita tu.

Na hapa ni Kimbiji. Kwetu ukisema kitoweo umesema samaki. Nyama lazima uitaje kwa jina. Watoto wanajifunzia kuhesabu kwenye mafungu ya vibua pale pwani. Mke wangu amekaanga changu na vibua tangu Kibada ilipokuwa mikorosho mitupu, na fedha hiyo ndiyo iliyomsomesha mama yake huyu mtoto. Mimi nilifundisha sayansi shule ya msingi miaka thelathini na moja, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Nilipostaafu nikabaki na chuo changu cha Kurani barazani, watoto ishirini na kitu baada ya Alasiri. Naeleza haya ili ijulikane kwamba aliyekosea katika habari hii hakuwa mtu asiyesoma. Alisoma pande zote mbili.

Ilikuwa Ramadhani ya 2017. Tulifuturu barazani na majirani watatu. Sinia lilikuwa na muhogo wa nazi, na juu yake vipande vya chewa aliyetoka majini siku ileile. Mtoto, hajatimiza miaka minne, alikuwa amekaa pajani pangu. Nikamwekea kipande mdomoni, akageuza uso. Nikamwekea tena, akafumba meno. Wageni wakacheka: mjukuu wa mwalimu anakataa samaki! Nikaona haya. Nikasema maneno ambayo hadi leo yananichoma, kwamba kukataa alichokihalalisha Mwenyezi Mungu ni kuikufuru neema. Nikamlisha. Akameza kwa ajili yangu.

Hatukufika Isha. Midomo ilianza kuvimba, ule wa juu kwanza. Mabaka mekundu yakapanda shingoni kama maji yanayolowa kwenye kanga. Akatapika. Halafu likaja lile lililonitoa akili: sauti yake ilibadilika. Aliniita "Babu" kwa sauti nzito ya kukwaruza, sauti ya mtu mzima iliyokaa ndani ya mtoto mdogo. Tulipakizana kwenye bodaboda, yeye katikati na mama yake nyuma, mimi kwenye pikipiki ya pili. Zahanati, muuguzi wa zamu hakutuuliza hata jina. Alimchoma sindano ya adrenalini pajani, na muda si muda sauti ya mtoto ikarudi kuwa ya mtoto. Ndipo akaniuliza amekula nini. Nikamjibu. Akaniuliza tena, kwa upole ambao sikuustahili: "Na mara ya kwanza kumpa samaki ilikuwaje, mzee?"

Maana ilikuwepo mara ya kwanza. Alikuwa na miezi minane, tukampa uji wa mchele uliopondewa changu, akatoka vipele kuzunguka mdomo. Nilikuwepo. Nilitoa hukumu palepale: samaki amelala huyo. Hukumu yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Sisi watu wa pwani tunamjua jodari au kibua aliyelala juani bila barafu. Ukimla unakuwa mwekundu usoni, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Wadudu wadogo wameshaigeuza nyama yake ikawa na histamini nyingi, na histamini haiondoki kwa moto, hata ukimkaanga hadi awe mkaa. Ila samaki aliyelala hachagui mtu. Kila aliyemla vya kutosha anawashwa, sinia zima. Siku ile ya uji tulikula wote changu yuleyule na hakuna aliyejikuna ila mtoto. Mwalimu wa sayansi hakuliona hilo, na mwalimu wa dini hakuuliza.

Mtoto aliporudi salama, maneno yakaanza. Bibi yake wa upande wa baba alitaka tuulizie mwiko wa ukoo, kwa sababu koo nyingi za huku kwetu zina kitu chao wasichokila, na pengine mtoto amelishwa kisichokuwa chake. Jirani mmoja alisema ni jicho. Mimi nilichukua sahani nyeupe na zafarani nikamwandikia kombe, akanywa. Sijutii kombe. Lakini nilipokuwa naandika nilijua moyoni kwamba naomba jibu la swali ambalo sijaliuliza sawasawa.

Swali langu lilikuwa hili. Katika Sura ya Maida bahari imehalalishwa, mawindo yake na chakula chake. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mlango huo uko wazi kuliko mwingine wowote: ng'ombe lazima achinjwe, samaki hahitaji hata kisu. Ni halali amekufa, ni halali bila kuulizwa amevuliwa na nani. Basi kitu kilicho halali kuliko vyote kinawezaje kumziba mtoto koo katikati ya mwezi wa Ramadhani, mkononi mwa babu yake, baada ya bismillahi? Sikudhani Mungu amekosea, sijafika huko. Lakini nilihisi kama niliyesimama mlangoni kwangu na ufunguo umekataa.

Jibu nililipata kwenye neno, si kwenye kitabu. Hospitalini waliandika: mzio wa samaki. Vijana wanasema aleji. Lakini mzio ni neno la zamani, waganga na wazee walikuwa nalo kabla ya daktari yeyote; ni kile ambacho mtu fulani hali, ama kwa sababu kinamdhuru, ama amekatazwa katika dawa, ama ukoo wake umekiacha. Nikalizungusha neno hilo kichwani siku nyingi nikaona jambo. Mzio hausimami peke yake. Huwezi kusema samaki ni mzio ukanyamaza. Mtu atakuuliza, wa nani? Neno lenyewe linadai mwenyewe. Halali tunaisema tofauti. Tunasema samaki ni halali, nukta, kana kwamba uhalali umo ndani ya mnofu pamoja na miiba, tukimpasua tutaukuta.

Nilianza kurudia masomo yangu kwa jicho hilo. Kuna ile habari mashuhuri ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoletewa dhabu, yule mjusi wa jangwani, aliyebanikwa. Aliondoa mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Akaambiwa si haramu, ila Mtume hakumzoea katika nchi ya watu wake na nafsi yake haimtaki. Khalid akamvuta akala, na Mtume anamtazama. Nimeisomesha habari hiyo labda mara hamsini, kila mara nikiitumia kuthibitisha kwamba dhabu ni halali. Sikuwahi kuisoma kwa upande wa mkono ulioondolewa. Chakula kimoja, sinia moja, watu wawili, na hakuna aliyemwambia mwenzake amekufuru neema.

Na ipo nyingine, nzito zaidi, ambayo sasa siwezi kuisomesha bila kusita. Mtu alikuwa na jeraha la kichwa safarini, akaamka ana janaba, akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia maji yapo, huna ruhusa. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume aliwalaumu vikali mno waliomjibu. Maji ni tohara, nani atabisha? Waliyoyasema kuhusu maji yalikuwa kweli. Hawakumtazama mwenye jeraha.

Mafakihi wetu waliliweka wazi hili zamani: kilicho halali kwa watu wote humharamikia yule anayejua kitamdhuru. Nilikuwa nalijua. Nililijua kama mtu anavyojua njia ya Mbagala kwa kusikia.

Sasa niende upande wangu wa pili, wa sayansi, ambako nilikuta hadithi nzuri kama za vitabuni. Mwaka 1921, katika mji wa Breslau uliokuwa wa Wajerumani na leo ni Wrocław ya Poland, daktari Heinz Küstner alikuwa hawezi kula samaki aliyepikwa, akila anavimba na kuwashwa. Mwenzake, Carl Prausnitz, yeye anakula bila shida. Prausnitz akachukua maji ya damu ya Küstner, akajidunga kidogo chini ya ngozi ya tumbo lake mwenyewe. Kesho yake akadunga utomvu wa samaki mahali palepale. Pakavimba. Ngozi ya mtu asiye na mzio ilikuwa imeazimwa mzio wa rafiki yake. Ndipo ikajulikana kwamba kisa kimo kwenye damu. Na katika miaka ya 1960 kingamwili yenyewe ikapatikana, ile inayoitwa IgE. Sikujua nicheke au nini nilipofikiria kombe langu. Nilikuwa natafuta jicho la jirani, kumbe ni askari wa mwili wa mtoto mwenyewe, waliomkariri mgeni vibaya.

Mgeni huyo kwa sehemu kubwa ni protini moja ndogo kwenye misuli ya samaki, pavalbumini. Haiharibiki kirahisi kwa moto, ndiyo sababu kumchemsha au kumkaanga samaki hakumsaidii mtoto, na ndiyo sababu mvuke wa karai unaibeba hadi puani kwake. Imejaa zaidi kwenye mnofu mweupe, kwa changu na chewa, na ni kidogo kwenye mnofu mwekundu wa jodari. Papa na taa, ambao hawana mifupa migumu, wana ya namna nyingine, na baadhi ya watu wenye mzio wa samaki wa kawaida huwavumilia. Kamba, pweza na ngisi wako mbali kabisa: wanaodhurika nao hudhurika hasa na protini nyingine, tropomiosini. Daktari alipotuambia mtoto anaweza kula pweza nilitabasamu, akashangaa. Nilikuwa nawakumbuka Mahanafi, ambao hawahalalishi kitu cha baharini ila samaki. Sisi Mashafi huwaona wanajibana bure, tunasema cha bahari ni cha bahari. Mwili wa mjukuu wangu nao umeigawa bahari mafungu mawili, samaki huku na wasio samaki kule, ila umekwenda kinyume na wao: alichobakisha Hanafi ndicho alichokiharamisha yeye.

Kuhusu chanzo, kuna jambo ambalo kwa mke wangu nalisema kwa uangalifu. Mtoto alikuwa na ukurutu tangu miezi mitatu, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imechubuka. Bibi yake alimpaka mafuta ya nazi kila jioni, kwa mikono iliyotoka kuparua magamba. Alinawa, lakini shombo hamjui? Wataalamu wa siku hizi wanaona kwamba chakula kikiingia kwanza kwa ngozi iliyopasuka, mwili hukipokea kama adui. Kikiingia kwanza kwa tumbo, hukipokea kama chakula. Utafiti wa London uliotoka 2015 ulionyesha hivyo kwa karanga: watoto wachanga walioanza kulishwa karanga mapema walipata mzio wake kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mke wangu alisikiliza, akatazama viganja vyake, akasema, "Kwa hiyo mapenzi nayo yana mlango wa uani." Hakusema zaidi na mimi sikuongeza.

Kilichotuchosha kuliko dawa ni sinia. Sisi tumelelewa kwamba kula pamoja kuna baraka na sahani ya peke yako ni ya mgonjwa au ya mwenye roho mbaya. Tulipomtengea sahani alikaa nayo mlangoni, mgongo ametupa sisi, akala wali mtupu kama mtu aliyefika msibani asiyejua aliyekufa. Siku tatu hivyo. Siku ya nne bibi yake alivunja mila kwa namna yake: sinia likarudi katikati, la wali na mchicha wa nazi tu, na samaki wakawekwa vibakuli vidogo, kila mtu na chake, mbali. Wenye vibakuli ndio waliotengwa. Kabla ya kugusa sinia mnanawa kwa sabuni na ndimu, na hakuna anayekula samaki kabla mtoto hajashiba. Upawa wake una uzi mwekundu. Ijumaa hakuna samaki nyumba nzima, ni kunde. Mwanzoni mkwe wangu alinung'unika kuhusu kunde. Siku hizi anauliza Jumatano kama zimeshalowekwa.

Jambo lililonifundisha zaidi lilitokea chuoni. Nilikuwa nasomesha vyakula, nikawaambia watoto kama nilivyoambiwa nikiwa mdogo: vya baharini vyote ni halali. Mkono mmoja ukanyoshwa nyuma. Alikuwa mjukuu wangu, ana miaka minane. Akauliza, "Kwa nani, babu?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Ile ndiyo fatwa niliyoikosa usiku wa futari, na mwenyewe alikuwa ameshaitoa kwa meno yaliyofumba, kabla hajajua kusoma alifu.

Lakini fatwa ya mwili nayo haikai mahali pamoja, na hapa ndipo nilipolazimika kujifunza subira mpya. Mzio wa maziwa na wa mayai, watoto wengi huuacha njiani wanapokua. Wa samaki ni mkaidi. Kwa wengi hufika nao utu uzimani. Hata hivyo si wote. Madaktari wa Ugiriki waliowafuatilia watoto wa namna hii kwa miaka kadhaa walikuta baadhi yao, hasa wanapoukaribia ujana, mwili umelegeza kamba, na mara nyingi huanza na samaki mmoja na si wote. Wapo pia wanaokwenda kinyume: mtu amekula samaki maisha yake yote, akaajiriwa kiwanda cha samaki, mvuke wa kila siku ukamfanya aanze kubanwa kifua ukubwani. Kwa hiyo huwezi kuandika jina la mtoto ukutani na kusema huyu hali samaki, basi. Mafakihi husema hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Ikiondoka sababu, hukumu nayo inaondoka. Nilikuwa naisomesha kwa mfano wa zabibu na mvinyo. Sasa nina mfano nyumbani.

Alipotimiza miaka tisa tulivuka na pantoni kumpeleka hospitali kubwa ya mjini. Tulitakiwa kubeba samaki wetu wenyewe, tukafunga vipande vya chewa, changu na jodari, kila kimoja na mfuko wake. Daktari alichoma sindano kwenye samaki, kisha akamparuza nayo mtoto mkononi, mara tatu, akachora duara kwa kalamu kila mahali. Tukangoja robo saa. Uvimbe wa chewa ulikua mbele ya macho yetu kama andazi. Wa changu ukafuata. Wa jodari ulikuwa mdogo, mtoto akaupima kwa rula ya daktari na kuandika milimita zake kwenye kiganja. Wiki kadhaa baadaye tukarudi, akalishwa jodari wa kopo mbele ya daktari na sindano ya adrenalini iko tayari mezani: kwanza punje, wakangoja; kisha robo kijiko, wakangoja; asubuhi nzima. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi na tasbihi. Nawaomba wenye watoto kama wangu wasijaribu hili jikoni kwao. Mimi nilishalijaribu barazani, na nimewasimulia.

Hakuvimba. Mlango ulipofunguliwa nilimkuta amekaa kitandani anatafuta maji. Miaka tisa katika kijiji cha wavuvi, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kumla samaki kwa amani. Nikamuuliza yukoje huyo samaki.

"Kama karatasi iliyolowa," akasema. "Hivi ndivyo mnavyogombania?"

Sasa anakula jodari wa kopo mara mbili kwa wiki, kwa amri ya daktari, akikunja uso kama anayekunywa mwarobaini. Wameeleza kwamba mwili ukishakubali usiuache ukasahau. Changu na chewa bado. Tutapimwa tena mwakani. Mama yake anaomba dua wafunguke wote. Mimi dua yangu imebadilika maneno, naomba tu nijue kusoma kitakachoandikwa mkononi pake, kikiwa kidogo au kikubwa. Yeye mwenyewe haombi samaki. Anaomba pikipiki.

Wiki hii upepo umegeuka. Juzi usiku nilisikia mnazi wa uani unapiga upande mwingine, na asubuhi ngalawa zilikuwa zimetweka mapema. Mke wangu hakuniambia kitu, aliniletea koleo tu. Nimechimbua mafiga matatu chini ya mkorosho, bado yana joto la jana, nimeyabeba moja moja hadi upande wa choo. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya uwanja na kipande cha uzi kimefungwa kwenye kijiti, anautazama uzi unavyolala. Akaniambia niyasogeze hatua mbili zaidi.